Maswali Yenu: Askofu akiwa mbali na kwao, anaishije?

Tangu Mei 2025 alipochaguliwa Papa Leo XIV na watu wakasikia kwamba kabla ya Roma alikuwa askofu huko Peru, simu ya safu hii haipumziki, na meseji nyingi zinatoka upande huu wetu wa reli, Tabora mpaka Kigoma, nadhani kwa sababu huku karibu kila mtu ana bibi au babu aliyebatizwa na mzungu mwenye ndevu. Nimechagua chache, zilizouliza kitu kilekile nimeziunganisha, na zile ndefu kupita kiasi nimezikata, mtanisamehe.

Mwalimu habari za kazi. Hapa kijiweni kwetu Mwanga tumebishana mpaka basi, mmoja anasema Papa Leo ni Mmarekani, mwingine anasema ni Mperu. Nani yuko sahihi? Halafu hiki cheo cha "askofu mmisionari" kiko juu au chini ya askofu wetu wa kawaida? – Msomaji, Mwanga, Kigoma

Wote mko sahihi, kwa hiyo soda mnunuliane. Alizaliwa Chicago mwaka 1955, jina lake Robert Prevost, ni mtawa Mwagustino, na Peru alifika 1985 akiwa padre kijana, akaanzia Chulucanas halafu Trujillo, huko akakaa miaka mingi akilea mafrateri na kuhudumia watu wa pembezoni mwa mji. Wakamrudisha Marekani, kisha akawa mkuu wa shirika lake lote duniani kuanzia 2001 hadi 2013, yaani alishakuwa mkubwa wa Roma kabisa, ndipo Papa Fransisko akamtuma tena Peru 2014, safari hii Chiclayo. Mwaka 2015 akachukua uraia wa Peru, maana makubaliano ya nchi ile na Vatikani yanataka askofu mwenye jimbo awe raia. Picha zake akiwa na mabuti ya mpira kwenye matope ya mafuriko mmeziona wenyewe, na wakati wa korona alihangaika kuchangisha pesa za mitambo ya oksijeni kwa ajili ya watu wa huko. Kwa hiyo yule Mmarekani wenu na yule Mperu wenu ni mtu mmoja, na siku ile pale juu ya roshani aliwasalimia watu wa Chiclayo kwa Kihispania, Kiingereza hakukigusa, nasikia Wamarekani wengine walinuna.

Kuhusu cheo, hakuna cheo kama hicho. Daraja la uaskofu ni lilelile moja, awe wa Kigoma, wa Paris au wa Mongolia. Tukisema mmisionari tunamaanisha mtu ametumwa kuchunga watu ambao si wa kwao, basi. Ila huku kwetu zamani kulikuwa na tofauti moja ya kweli: eneo likiwa bado changa lilikuwa haliitwi jimbo, liliitwa vikariati ya kitume, na askofu aliyewekwa pale analiongoza kwa niaba ya Papa. Tabora imepita hapo, ilianza 1887 kwa jina la Unyanyembe, ikaitwa Tabora 1925, ikawa jimbo kuu 1953. Kigoma ilikatwa ikawa vikariati 1946 na kuwa jimbo mwaka huohuo wa 1953.

Na msichanganye na balozi wa Papa. Marehemu Askofu Mkuu Novatus Rugambwa, mtu wa Bukoba, alikuwa Angola, Honduras, akamalizia New Zealand, mbali kuliko wamisionari wengi, lakini yeye hakuwa na jimbo la kuchunga huko, kazi yake ilikuwa ubalozi.

Mwalimu, shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Mwanangu wa kiume ni mmoja tu, ni padre wa shirika, yuko nje ya nchi. Wanajumuiya wenzangu wananitania kwamba iko siku atakuwa askofu hukohuko, mimi nacheka lakini usiku silali. Akiwa askofu atakuwa anakuja nyumbani lini? Ana mshahara wa kunisaidia? Na siku yake ikifika atazikwa wapi? – Mama, Ipuli, Tabora

Mama yangu, mimi ndiye wa kukuamkia, shikamoo. Hili swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, na sitakudanganya ili ulale.

Krismasi msahau. Sheria ya Kanisa inamtaka askofu wa jimbo akae jimboni, anaruhusiwa kutoka si zaidi ya mwezi mmoja kwa mwaka, ukiacha safari za kikazi kama sinodi au ile ziara ya kwenda Roma kutoa ripoti kila miaka 5, na imetaja kabisa kwamba Noeli, Juma Kuu na Pasaka, Pentekoste na sikukuu ya Ekaristi asikosekane kwake isipokuwa kwa sababu nzito na ya haraka. Mama kuugua sana ni sababu nzito, hakuna atakayembishia. Lakini mama kupika pilau la Krismasi, hapana. Huo mwezi mmoja wenyewe ndio anaugawa, wiki kwa daktari, wiki kwa wafadhili, wiki kwenye shirika lake, na wewe utapata kinachobaki, kwa hiyo akija usimalizie siku kumpeleka kwa majirani.

Mshahara kama wa mbunge hana. Anatunzwa na jimbo, analala nyumba ya jimbo, gari ni la jimbo. Kama mwanao aliweka nadhiri ya ufukara ile ya kuachia mali kabisa, sheria inasema anachopewa baada ya kuwa askofu kinakuwa cha jimbo lake, yeye anakitumia tu. Mashirika yanatofautiana, kwa mfano Wamisionari wa Afrika, hawa tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, wao wanakula kiapo, si watawa wenye nadhiri, na mtu anaweza kubaki na chake. Sasa ushauri wangu, wala usisubiri hayo ya uaskofu: muulize sasa hivi shirika lake lina utaratibu gani kuhusu wazazi wazee. Wamama wengi wanaona aibu kuuliza, wanasema nilimtoa kwa Mungu siwezi kudai, halafu wanazeekea kwenye nyumba inayovuja. Uliza mama. Kuuliza si kudai.

Na hela ya jimbo lenyewe inatoka wapi? Kwa waumini wa hukohuko kama wapo wa kutosha, na kwenye majimbo ya kimisioni kuna fungu kutoka Roma linalotokana na ile sadaka ya Jumapili ya Misioni, Jumapili ya pili kutoka mwisho ya Oktoba, iliyoanza 1926. Kwa hiyo noti yako ya pale kanisani Ipuli inaweza ikazunguka dunia ikamnunulia mwanao dizeli.

Kuhusu kuzikwa. Akifikisha miaka 75 anaombwa aandike barua ya kung'atuka, Papa akikubali anakuwa askofu mstaafu, na ana haki ya kuendelea kuishi palepale jimboni, jimbo lina wajibu wa kumtunza. Wengine wanarudi kwenye nyumba za shirika. Akifa akiwa huko, desturi na sheria ni kuzikwa katika kanisa lake, na kwa askofu mstaafu ni hivyohivyo. Yaani ukoo ujiandae kwamba kaburi linaweza kuwa bara lingine. Najua kwetu Unyamwezini hili ndilo zito kuliko yote hayo ya juu.

Halafu usidhani nje maana yake ni Ulaya. Yuko Kardinali Giorgio Marengo, Mwitaliano wa shirika la Consolata, walewale mnaowasikia Iringa, alikwenda Mongolia 2003, sasa ndiye anayeongoza Kanisa la nchi nzima, na Wakatoliki wote wa nchi nzima hawafiki hata parokia moja ya hapa Tabora, ni kama 1,500 hivi. Baridi ya Ulaanbaatar inashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na misioni waliyofungua kule ndani ilianza kwenye hema lile la wafugaji wao. Ana joho jekundu la ukardinali na anawajua waumini wake karibu kwa majina. Mwanao akipangiwa pa namna hiyo mtumie sweta, siyo maombi ya laptopu.

Marehemu baba yangu alikuwa katekista. Alikuwa anatusimulia kwamba maaskofu wa kwanza wa huku hawakudumu, wanakuja wanakufa. Ni kweli au ni hadithi za wazee? Na walikuwa wanaishije kabla ya reli? – Mzee, Urambo

Shikamoo mzee wangu. Marehemu alikuwa sahihi, hasa kwa upande wa Ziwa Tanganyika.

Tuanze na msafara. Kardinali Lavigerie, Mfaransa aliyekuwa Askofu Mkuu wa Algiers, ndiye aliyeanzisha Mapadre Weupe 1868, na mwaka 1878 akatuma kumi wa kwanza huku bara. Juni wakaondoka Bagamoyo kwa miguu na wapagazi, na mkuu wa kundi la Tanganyika, padre Pascal, hata Tabora hakuiona, alifia Ugogo Agosti hiyohiyo. Waliobaki wakafika Tabora, wakagawana njia, wengine kaskazini kwenda Nyanza na Buganda, wengine magharibi, wakaingia Ujiji Januari 1879. Miaka miwili baadaye, Mei 1881, watatu wakauawa Rumonge, upande wa Burundi. Hapo bado hatujafika kwa askofu.

Askofu wa kwanza kati yao ni Léon Livinhac wa kundi la Buganda, naye ilibidi asafiri mpaka Carthage, Afrika ya Kaskazini, akawekwe wakfu na Lavigerie Septemba 1884, halafu arudi tena huku. Hebu fikiria safari hiyo kwenda na kurudi kwa ajili ya Misa moja. Ndiyo maana alipopatikana wa Tanganyika, Jean-Baptiste Charbonnier, hawakumpeleka popote, Livinhac alimwekea mikono Kipalapala, hapahapa jirani na Tabora mjini, Agosti 1887. Uaskofu ukatolewa katikati ya pori la Unyanyembe wakati huo hakuna Mjerumani wala reli, na leo pale ni seminari kuu, mafrateri wanapita na ndoo za maji na sidhani kama wengi wao wanajua wamekanyaga wapi.

Charbonnier akaenda kwenye kituo chake Karema, kule ziwani, sasa ni mkoa wa Katavi. Machi 1888 akafa. Uaskofu wa miezi saba. Akaletwa Léonce Bridoux, akafa Oktoba 1890, ng'ambo ya ziwa, Kibanga. Maaskofu wawili chini ya miaka minne, sasa wewe ndiye wa tatu unaitwa, unakubali? Adolphe Lechaptois alikubali 1891, akitokea misioni ya Mponda kule Malawi ambako nako mambo hayakuwa mazuri, na huyu ajabu akadumu, Karema alikaa mpaka alipofariki Novemba 1917. Kama baba yako alikuwa na habari za askofu mwenye ndevu nyeupe aliyezeekea ziwani, dau langu ni Lechaptois.

Upande wa kwenu ni shwari kidogo. François Gerboin aliongoza Unyanyembe kuanzia 1897, makao yake yakiwa Ushirombo, leo ni mkoa wa Geita, akafia hukohuko 1912.

Sasa waliishije. Kwanza sahau ikulu. Karema ilikuwa boma la Wabelgiji walilojenga wakati wa shughuli za mfalme Leopold, wakalikabidhi kwa wamisionari 1885, kwa hiyo askofu alirithi kuta za ngome. Hela haikuwa sarafu, ilikuwa vitambaa, shanga na waya, na kila himaya unayopita unatoa hongo kwa mtemi, hongo ile halali ya njia siyo hii ya leo. Barua ilisafiri kichwani kwa mpagazi miezi, jibu nalo miezi, na mara nyingine Roma inamuuliza askofu swali wakati yeye ameshazikwa. Kanuni ya Lavigerie ilikuwa wavae kanzu, wale chakula cha wenyeji, wasikae chini ya watatu pamoja, na wajifunze lugha haraka mpaka wenyewe kwa wenyewe waongee lugha ya pale, Kifaransa waache. Hii ya lugha naona ndiyo iliyowasaidia kuliko kanzu. Reli ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 askofu akaanza kusafiri kama mtu, kabla ya hapo jimbo lilipimwa kwa siku za kutembea.

Na homa, mzee. Homa ndiyo ilikuwa inawamaliza wengi, kwinini ilikuwepo lakini haikutosha. Hapa lazima nimtaje mtu ambaye simulizi za maaskofu zinamruka: Adrian Atiman. Alizaliwa kwenye mto Niger, akaibwa utotoni akauzwa utumwani, Mapadre Weupe wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea udaktari, akaletwa Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa hapo, akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Huyo naye alikuwa mmisionari wa kutoka mbali, tena aliishi Karema kuliko maaskofu wake wote. Mimi nikiambiwa nichague mmoja wa kuchongewa sanamu pale, simchagui askofu.

Assalaam aleikum mwandishi. Mimi siyo Mkristo ila nasoma safu yako. Hao maaskofu wenu si walikuja pamoja na wakoloni? Na kama wamepelekwa nchi isiyo na Wakristo kazi yao nini kama siyo kubadilisha watu dini? – Msomaji, Ujiji

Waaleikum salaam ndugu yangu, karibu sana. Nusu ya swali lako ni kweli na sitaifunika. Hapo kwenu Ujiji walifika 1879, Wajerumani walikuwa hawajadai hata kipande cha nchi hii, kwa hiyo kusema waliletwa na Mjerumani siyo sahihi. Lakini boma la Karema walipewa na watu wa Leopold, na Leopold tunajua alichokifanya Congo, na ng'ambo ya ziwa upande wa Mpala walikuwa na Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, mwenye bunduki na watu wake. Walisema ni kuwalinda watu dhidi ya wakamata watumwa, na wakamata watumwa walikuwepo kweli, ila bunduki ni bunduki. Na utawala wa Wajerumani ulipokuja misioni zilikaa chini yake, hazikuukimbia. Watoto waliokombolewa kwa kununuliwa sokoni, wapo wanaosema ni huruma na wapo wanaosema kununua kuliongeza soko, na mabishano hayo hayajaanza leo.

Ujiji wenyewe hawakukaa sana, mji ulikuwa wa Waislamu na wafanyabiashara wa pwani, wakahamia vijiji vya ziwani.

Kwa nusu ya pili nakupa mfano. Martin Happe, Mjerumani, naye ni wa Mapadre Weupe, aliwekwa askofu wa Nouakchott 1995, na jimbo lake lilikuwa nchi nzima ya Mauritania, Jamhuri ya Kiislamu. Wakatoliki wa kule ni wageni watupu, vibarua na wahamiaji kutoka nchi jirani, na kumhubiria Mwislamu abadili dini kule hairuhusiwi. Akakaa hivyo karibu miaka 30. Alisalisha wageni, Kanisa likaendesha huduma kwa wote, akaheshimiana na majirani, siku ikaisha. Unaweza ukasema ni kazi bure. Mimi naona ni askofu aliyewekwa awe jirani tu, na ujirani wewe wa Ujiji unaujua kuliko mimi.

Mbona siku hizi hatuoni maaskofu wazungu, walifukuzwa? – Msomaji, Kasulu

Hawakufukuzwa, kazi yao ilikuwa hiyo, kuachia. Chukua Kigoma yenu: aliyeanza ni Jan van Sambeek, Mholanzi, 1946. Akafuata Mwingereza James Holmes-Siedle, na huyu habari yake naipenda. Alikuwa askofu Karema tangu 1946, mwaka 1958 kiti cha Karema akapewa Mtanganyika, Charles Msakila, mzungu akahamishiwa Kigoma. Akafanya kazi Kigoma, mwaka 1969 akajiuzulu na hapo napo akaingia mzalendo, Alphonse Nsabi. Mtu mmoja ameachia viti viwili na vyote vimebaki kwa wenyeji. Tabora nako ni hivyohivyo, baada ya Mholanzi Bronsveld akaja Marko Mihayo 1960. Siku hizi mambo yamegeuka, Mapadre Weupe wenyewe mwaka 2010 walimchagua Mghana, Richard Baawobr, kuwa mkuu wao wa dunia nzima, na aliyekuwa askofu wenu Kigoma, Protase Rugambwa, alichukuliwa Roma akafanya kazi kwenye ofisi ileile inayosimamia misioni zote, akarudi na ukardinali, ndiye Askofu Mkuu wetu Tabora.

Mimi ni kijana wa miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, nataka kuwa askofu mmisionari. Naomba utaratibu wa kutuma maombi. – Msomaji, Uvinza

Kaka, uaskofu hauna fomu. Sheria inataka mtu awe na miaka isiyopungua 35 na upadre wa miaka isiyopungua 5, halafu majina yanachunguzwa kimyakimya na balozi wa Papa, na Papa ndiye anateua, na anayeonekana anautaka sana mara nyingi ndiyo ameshajiondoa. Umisionari ndio una fomu. Nenda kwa paroko wako na cheti cha ubatizo na cha kipaimara, mwambie unataka shirika linalotuma watu nje, atakuunganisha na mkurugenzi wa miito. Watakuuliza kama uko tayari kwenda popote. Kabla hujajibu ndiyo, rudi nyumbani ukaongee na mama yako, na umsomee lile jibu nililompa mama wa Ipuli.